Kipimo cha G6PD kilichosema kweli kikatupoteza: uzi mrefu kuhusu chembe nyekundu ya damu

Mjomba wa Temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba subira yenu, kwa kuwa jambo hili halielezeki kwa mistari miwili. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dar es Salaam, nimeinamia hadubini kwa miaka kumi na saba, na kwa muda wote huo niliamini kwamba naujua upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozikinga chembe nyekundu za damu, kwa sababu niliusoma chuoni, nikaujibia mtihani na nikafaulu. Ulipobisha hodi nyumbani kwa dada yangu mwaka jana ndipo nilipotambua kuwa nilichokuwa nacho ni majina matupu.

Mpwa wangu ana miaka 23 na anaendesha bodaboda Mbagala. Alipata maumivu wakati wa kukojoa, akaona haya kunieleza mimi mjomba wake, akaenda dukani akauziwa nitrofurantoini ya siku saba. Siku ya tatu mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni hadi ikakolea. Siku ya tano macho yaligeuka manjano na kupanda ngazi kukamshinda. Aliendelea kumeza vidonge hadi vikaisha kwa sababu aliambiwa amalize dozi, naye ni mtiifu hasa pale asipopaswa kutii. Siku ya nane dada alimpeleka hospitali, himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikakutwa imeshuka hadi gramu 7.9 kwa desilita. Daktari wa zamu, ambaye namsifu, aliagiza G6PD palepale. Majibu yakarudi: kiwango cha kawaida. Kwa karatasi hiyo moja dawa ikaondolewa lawama, akatafutwa malaria, akatafutwa homa ya ini, na mwishowe akaruhusiwa akiwa na vidonge vya madini ya chuma na maelezo kwamba huenda ni virusi.

Nami nilioneshwa karatasi ile, nikaafiki. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Miezi minne baadaye, usingizi uliponipaa usiku mmoja nikiwaza juu ya ule mkojo, niliamua kumpima upya, na safari hii upungufu ulionekana bila shaka yoyote. Kipimo cha kwanza hakikukosewa. Kilipima kwa usahihi damu iliyokuwamo ndani ya kichupa siku ile, isipokuwa chembe zenye upungufu zilikuwa zimekwisha kupasuka na kutoka kwa njia ya mkojo, na zilizobaki zilikuwa changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Tuliwahoji walionusurika tukahitimisha kwamba hapakuwa na ajali.

Mjomba wa Temeke

Naendelea. Ili jambo hilo lieleweke, hatuna budi kuanza na chembe yenyewe, kwa sababu katika mwili mzima hakuna seli inayoishi maisha ya ajabu kama chembe nyekundu.

Inapozaliwa katika uboho wa mifupa huwa na kiini kama seli nyingine. Kabla ya kuingia katika mzunguko hukitupa kiini hicho, na katika siku moja au mbili za kwanza mitaani hupoteza pia mitokondria pamoja na vile viwanda vidogo vya kutengenezea protini. Faida yake ni kwamba inapata nafasi ya kubeba himoglobini, takriban molekuli milioni 270 kwa kila chembe, na inakuwa laini kiasi cha kujikunja ipite kwenye mishipa myembamba kuliko upana wake wenyewe, ambao ni kama maikromita 7 hadi 8. Hasara yake ni kwamba tangu siku hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya hata kimoja. Itaishi takriban siku 120 na kuzunguka mwili karibu mara moja kila dakika, maana yake zaidi ya mizunguko 170,000, kwa masurufu iliyofungashiwa nyumbani. Ni kama jahazi lililong'oa nanga ambalo bandari zote njiani zimefungwa: kinachooza melini hakibadilishwi.

Chakula inapata, kwa maana ya glukosi iliyomo kwenye plazima, ambayo huingia bila kuhitaji insulini. Ila haina mitokondria, hivyo haiwezi kuichoma glukosi hiyo kwa oksijeni. Hapa pana jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria: mchukuzi wa oksijeni ya mwili mzima hatumii hata chembe ya mzigo wake. Glukosi huvunjwa kwa hatua kumi za glaikolisisi, kisha hugeuzwa asidi ya laktiki, na faida halisi ni ATP (sarafu ya nishati ya seli) mbili kwa kila molekuli, ambayo ni pato la kimaskini, lakini inatosha kuendesha pampu za kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na kulinda umbo la chembe. Njia hiyo hiyo huzaa NADH, inayorudisha katika hali ya kawaida ile himoglobini ambayo chuma chake kimeoksidika na hivyo hakibebi oksijeni tena. Njiani pia upo mchepuko unaotengeneza 2,3-BPG, kemikali inayoilegeza himoglobini ili iachie oksijeni kwenye misuli badala ya kuing'ang'ania. Chembe inayotumia mchepuko huo hupoteza ATP ambayo ingeipata kwenye njia kuu, yaani inalipa ushuru kwa ajili ya wengine.

Takriban sehemu moja ya kumi ya glukosi, katika hali ya utulivu, haifuati njia hiyo kuu. Huingia njia ya pembeni ambayo mlango wake unalindwa na kimeng'enya kimoja, glukosi-6-fosfati dehidrojenesi, yaani G6PD yetu. Kazi yake ni kutengeneza NADPH. NADPH huirudishia glutathioni uwezo wake, nayo glutathioni huzima peroksaidi kabla hazijaunguza himoglobini na utando wa chembe. Fikirieni bati la nyumba ya Msasani mbele ya upepo wa chumvi: himoglobini ni chuma kilichozungukwa na oksijeni saa zote, na kinachoizuia isile kutu ni rangi inayopakwa upya kila sekunde. Seli nyingine zina mapipa kadhaa ya rangi hiyo, kwa kuwa zina njia nyingine za kupata NADPH. Chembe nyekundu inategemea karibu pipa moja tu, na funguo zake anazo G6PD.

Kwa mtu mwenye aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, iitwayo A-, kimeng'enya kinatengenezwa lakini si imara. Kile cha kawaida hupungua kwa nusu katika siku kama 62. Cha A- hupungua kwa nusu katika siku kama 13. Chembe ya A- yenye umri wa siku 52 imebakiwa na sehemu moja tu ya kumi na sita ya ilichoanza nacho. Siku za kawaida hilo halina madhara, na ndiyo maana mpwa wangu alifika miaka 23 akicheza mpira bila kujua lolote. Ikija dawa yenye kuzalisha peroksaidi kwa wingi, chembe zee hazina cha kujikinga nacho. Himoglobini huganda vipande vipande na kunata kwenye utando. Vipande hivyo huitwa miili ya Heinz, kwa jina la Robert Heinz aliyeieleza mwaka 1890. Bandama huvinyofoa vipande inapoweza, na chembe nyingine hupasuka ndani ya mishipa na kumwaga himoglobini inayofika hadi kwenye mkojo.

Mwanafunzi wa Upanga

Shikamoo mjomba, kama utaniruhusu nikuite hivyo. Umesema kijana alimaliza dozi. Ikiwa dawa iliendelea kuingia mwilini, kwa nini damu haikuendelea kupasuka mpaka mwisho?

Mjomba wa Temeke

Marahaba. Umegusa kiini chenyewe, na swali lako lina historia isiyopendeza sana. Katika miaka ya 1940 na 1950 Wamarekani walijaribu dawa za malaria kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois. Waligundua kwamba primakwini iliwapasulia damu baadhi ya wafungwa weusi huku wengine wakiimeza bila taabu. Walichukua chembe za mtu mwenye kudhurika, wakazitia alama ya kromiamu yenye mionzi, wakamwekea mtu asiyedhurika kisha wakampa dawa: chembe zile za kigeni zikafa, zake zikabaki. Walipogeuza jaribio, chembe za mtu asiyedhurika ziliishi salama ndani ya mwili wa mtu mwenye kudhurika. Kwa hiyo kasoro ilikuwa ndani ya chembe, si kwenye ini wala plazima. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake walikitaja kimeng'enya chenyewe. Sayansi ni nzuri. Kwamba ililipiwa kwa damu ya watu waliofungwa, ambao uhuru wao wa kukataa ulikuwa na mashaka, ni jambo ambalo nadhani kila anayelifundisha somo hili anapaswa kulitaja walau kwa sentensi moja.

Sasa jibu lako. Waliona pia kwamba hata dawa ilipoendelea kutolewa, uharibifu ulikoma wenyewe. Chembe zee zilikuwa zimekwisha, uboho ulikuwa unamwaga chembe changa kwa kasi, na changa za A- zina kimeng'enya cha kuzitosha. Mgonjwa anaonekana amepona huku bado anameza sumu ile ile, na akipimwa G6PD siku hizo, anaonekana mzima. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu siku ya nane. Kipimo kirudiwe baada ya takriban miezi mitatu, damu ikiwa imerudi kuwa na chembe za umri wote. Vivyo hivyo mtu aliyeongezewa damu: ukimpima kesho yake, unaweza kuwa unampima mchangiaji.

Tahadhari moja kwa wakazi wa mji wa bandari kama huu wetu. Aina iitwayo ya Mediterania, inayopatikana kwa watu wenye asili ya nchi zinazoizunguka bahari hiyo, Mashariki ya Kati na sehemu za India, ni kali zaidi, na hata chembe zake changa zina kimeng'enya kidogo mno. Kwa hao hali haikomi yenyewe kirahisi, na dawa lazima isitishwe mara moja. Nisingependa mtu asome hapa kwamba "inaisha yenyewe" akaendelea kumeza.

Mama Mapacha wa Tabata

Kaka, asante kwa somo. Mapacha wangu wa kiume waligeuka manjano siku ya pili baada ya kuzaliwa, wakawekwa chini ya taa za bluu siku nne, na tukaambiwa wana huo upungufu. Mama mkwe ananiambia nisile maharage kabisa, nami nimenyonyesha mwaka mzima bila maharage wala kunde. Pia nimesikia habari za hina. Naomba ufafanuzi.

Mjomba wa Temeke

Pole kwa yaliyopita, dada yangu, na hongera kwa kuwafikisha watoto hospitali mapema, maana umanjano wa watoto hawa ukipanda sana, bilirubini, yaani ile rangi ya manjano yenyewe, huingia kwenye ubongo na kuacha ulemavu wa kudumu. Kuwaotesha jua dirishani, ambako wengi tulilelewa nako, si mbadala wa zile taa.

Maharage yanayozungumziwa ni aina moja tu, yale mapana ambayo Waarabu huyaita ful na ambayo Misri ni kifungua kinywa cha taifa. Ndani yake mna kemikali ziitwazo visini na konvisini, ambazo tumboni hugeuka kuwa vioksidishaji vikali. Maharage yetu ya Mbeya, kunde, choroko, mbaazi za nazi, njugumawe, vyote havimo katika kosa hilo. Kula, dada. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba jina limefanana tu.

Hina ni habari nyingine, na hapa ndugu zangu wa Pwani wanisikilize. Rangi ya hina inatokana na kemikali iitwayo lawsoni, jamaa wa karibu wa kemikali zinazojulikana kwa kuunguza chembe hizi, na madaktari wameeleza watoto wachanga wenye upungufu waliopasukiwa damu baada ya kupakwa hina mwilini. Ngozi ya mtoto mchanga inapitisha vitu kwa urahisi. Mama kujipamba mikono kwa harusi ni jambo moja, kumpaka mtoto wa wiki mbili ni jambo jingine. Na zile punje nyeupe za naftalini tunazotia kabatini na kwenye masanduku ya kanga kufukuza mende ndizo hatari kubwa zaidi majumbani, kwa kuwa nguo za mtoto zilizohifadhiwa nazo huendelea kutoa mvuke. Zitoe nyumbani, na nguo zilizokaa nazo usimvalishe mpaka zimefuliwa na kuanikwa hadi harufu iishe kabisa.

Mfamasia wa Buguruni

Naomba nichangie kuhusu dawa, kwa kuwa orodha zinazosambazwa kwenye simu zinaleta madhara yake. Kuna orodha zenye majina zaidi ya mia moja, zikiwamo aspirini, klorokwini na vitamini, na nimewaona wagonjwa wanaoogopa kumeza hata parasetamoli. Mapitio ya ushahidi yaliyochapishwa mwaka 2010 yalibakisha dawa saba tu zenye ushahidi madhubuti: dapsoni, primakwini, nitrofurantoini, methileni bluu, toluidini bluu, fenazopiridini na rasburikesi. Baadaye imeongezeka tafenokwini, ndugu wa primakwini, ambayo haipaswi kutolewa kabla ya kupima kiwango cha kimeng'enya. Nyingi katika zilizobaki ziliingizwa orodhani kwa sababu mgonjwa alikuwa na homa, akapewa dawa, damu ikapasuka, na dawa ikabeba dhambi ya homa. Maambukizi yenyewe ni kichocheo cha kawaida kabisa.

Dawa mseto ya malaria tunayoitoa kila siku, yaani ALu, inatumika kwa wenye upungufu. Primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2012 ili kuzuia mgonjwa asimwambukize mbu, haihitaji kipimo cha G6PD, na usalama wake ulichunguzwa hata jirani yetu, Yombo ya Bagamoyo. Ile ya siku kumi na nne ya kufyeka malaria ya vivaksi, aina inayojificha kwenye ini, ni habari tofauti kabisa, na wanaosafiri kwenda nchi zenye vivaksi nyingi waseme hali zao kwa daktari.

Walio na umri kama wangu watakumbuka Lapdap, mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, ambao sehemu ya majaribio yake yalifanyika Muheza. Iliidhinishwa mwaka 2003, ikatarajiwa kuwa mkombozi wa bei nafuu baada ya SP, dawa ya malaria ya wakati ule, kuchoka, na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya kushusha damu ya wagonjwa wenye upungufu huu. Bara lenye malaria nyingi ndilo lenye upungufu mwingi, na wala si kwa bahati mbaya.

Kuhusu nitrofurantoini kuuzwa bila swali hata moja, sina utetezi. Kuuliza "umewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa?" kunachukua sekunde tano.

Mzee wa Magomeni

Vijana, mimi nina kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa, na upungufu huo niliambiwa ninao nilipopimwa ughaibuni. Kipimo changu cha miezi mitatu hutoka kizuri sana, asilimia 5.9, lakini kimashine cha nyumbani kinanionesha 10 na 11 asubuhi. Nimekwisha kuhukumiwa kuwa sijui kukitumia.

Mjomba wa Temeke

Shikamoo mzee wangu. Kwa maoni yangu kimashine chako kimeonewa. Kipimo cha miezi mitatu hupima sukari iliyojibandika kwenye himoglobini, na hesabu yake inadhani kwamba chembe ziliishi umri wake wote zikikusanya sukari hiyo. Chembe zikifa mapema, kwa upungufu wa G6PD au kwa sababu nyingine yoyote, zinakuwa hazijakaa sokoni muda wa kutosha, na asilimia inashuka hata kama sukari iko juu. Uchambuzi mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba aina ile ya A- inashusha kipimo hicho kwa karibu pointi 0.8 kwa wanaume walio nayo, kiasi cha kumfanya mwenye kisukari aonekane hana. Mpelekee daktari wako kumbukumbu za kimashine, na muulize kama hospitali yake inapima fruktosamini, ambayo inategemea protini za plazima na haijali umri wa chembe.

Mzee wa Magomeni

Marahaba mwanangu. Nitaichapisha hii nimpelekee.

Msomaji wa Kigamboni

Mjomba, nina swali la kifamilia. Baada ya mke wangu kujifungua mtoto wa kiume mwenye upungufu, ndugu zangu wanasema "ugonjwa umetoka kwake". Ni kweli unatoka kwa mama?

Mjomba wa Temeke

Swali hili limeingia hata kwetu, maana wakwe wa dada yangu nao walilitamka, hivyo nitalijibu kwa kirefu.

Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume anayo X moja tu, na ameipata kwa mama. Kwa hiyo ndiyo, mtoto wako wa kiume ameipokea kwa mkeo. Lakini mkeo naye aliipokea kwa mmoja wa wazazi wake, na mmoja wao anaweza kuwa baba. Mwanaume mwenye upungufu humpa kila binti yake X hiyo, wote bila kubagua, na hampi mwanawe wa kiume hata mmoja. Mimi nilijipima nikakutwa sina. Je, hilo linamsafisha mama yetu? Hapana, kwa sababu kama ana X moja yenye kasoro, ningeweza kupokea ile nzima kwa bahati ya nusu kwa nusu. Na halisemi lolote kuhusu marehemu baba, kwa kuwa X yake sikuipata kabisa. Bahati imegawanywa bila kumwuliza mtu, na kutafuta wa kumlaumu ni kumlaumu babu wa babu aliyenusurika malaria.

Nasema aliyenusurika kwa makusudi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye ndiye aliyeonesha mwaka 1954 kwamba hali ya kubeba selimundu inakinga dhidi ya malaria kali, alichapisha mwaka 1960 matokeo kuhusu upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki akiuhusisha na ugonjwa huo huo. Ushahidi mzuri kuliko wote, kwa ladha yangu ya kimaabara, ulitoka Ibadan mwaka 1969. Kila seli ya mwanamke huzima X moja kati ya mbili, kwa hiyo mwanamke mwenye jeni moja nzima na moja yenye kasoro ana damu ya makande: chembe nzima na chembe pungufu ndani ya chungu kimoja. Lucio Luzzatto na wenzake walichukua damu ya wanawake wa namna hiyo waliokuwa na malaria, wakahesabu vimelea vimo wapi, na wakavikuta kwa wingi zaidi ndani ya chembe nzima. Mwili mmoja, homa moja, damu moja, na bado vimelea vilionesha upendeleo. Profesa Luzzatto miaka ya baadaye alikuja kufundisha elimu ya damu hapa hapa Muhimbili, na kuna vijana wa Upanga waliomsikiliza kwa masikio yao.

Makande hayo yanaleta shida ya vipimo. Kipimo cha haraka cha kadi, au kile cha tone la damu linalong'aa chini ya taa ya urujuanimno kwa sababu ya NADPH, hugundua vizuri mtu mwenye kimeng'enya chini ya takriban asilimia 30. Mwanamke mwenye asilimia 50 atapita kama mzima, ilhali nusu ya chembe zake ziko hatarini. Na msidhani wanawake hawaugui kabisa. Chukueni mfano wa mahali ambapo wanaume 20 kati ya 100 wana upungufu: kwa hesabu ya kawaida ya urithi, wanawake 4 kati ya 100 watakuwa na jeni zote mbili zenye kasoro, na 32 watakuwa makande.

Mwanafunzi wa Upanga

Na upungufu wa kile kimeng'enya kingine, piruveti kinesi, mjomba? Tumefundishwa kwa dakika kumi tu.

Mjomba wa Temeke

Dakika kumi zinaendana na uchache wake, lakini ni jirani mwenye mafunzo. Huyu yuko mwishoni mwa njia kuu, kwenye hatua inayotoa ATP, na hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Chembe inakosa nguvu ya kuendesha pampu, inakauka, inakuwa ngumu, bandama inaikamata. Damu inapungua wakati wote, bila kungoja dawa. Mambo mawili yanayopendeza. Kwanza, kizuizi kikiwa chini, vitu vya juu hurundikana, ikiwamo 2,3-BPG, hivyo himoglobini inaachia oksijeni kwa ukarimu, na mgonjwa mwenye gramu 8 anaweza kutembea Kariakoo nzima pale ambapo mwingine angekaa chini. Pili, hapa wanaoumia zaidi ni wachanga: chembe changa bado inategemea mitokondria zake kufidia nishati, na ndani ya bandama oksijeni ni haba. Bandama ikitolewa, chembe changa huongezeka kwenye damu, jambo linalomshangaza kila anayeliona mara ya kwanza. Upungufu wa G6PD huua chembe zee, wa piruveti kinesi humaliza chembe changa. Dawa ya kukiamsha kimeng'enya chenyewe, mitapivati, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Mjomba wa Temeke

Wengi mmeniuliza kwa ujumbe wa faragha kuhusu dada. Alikubali kupimwa kwa kipimo chenye kutoa namba, nacho kimetoa asilimia 54, makande kama tulivyotegemea. Mama yetu amekataa kupimwa. Amesema akiwa na umri wa miaka 74 hana dawa mpya anayotarajia kuianza, na sikuwa na hoja ya kumjibu. Mdogo wake mpwa wangu, wa kiume pia, atapimwa akifunga shule. Yuko mzima na hajaumwa karibuni, kwa hiyo jibu lake litaaminika.

Mpwa mwenyewe nimemwandikia kadi kwa Kiswahili, ukubwa wa leseni, anaiweka pamoja nayo kwenye pochi: "Nina upungufu wa G6PD. Nisipewe dapsoni, primakwini ya siku nyingi, tafenokwini, nitrofurantoini, methileni bluu, fenazopiridini, rasburikesi. Nikiletwa nikiwa na manjano au mkojo mweusi, msiamini kipimo cha G6PD cha siku hiyo." Sentensi ya mwisho nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mfamasia wa Buguruni, toluidini bluu nimeiacha kwa kukosa nafasi. Ukiona ni lazima iwemo, niambie nichapishe nyingine.